Kabla Hujanunua Mfuko wa Kwanza

Lushebere, Masisi
Mwishoni mwa mwezi wa tano

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ni mzima. Anasema hujamtumia hata neno moja tangu Pasaka. Hilo mtamalizana ninyi wawili. Mimi najibu la kazi.

Umeniandikia kwamba umepata kazi Walikale-centre: nyumba ya matofali ya kuchoma kwenye mteremko unaoshukia mto Lowa, sebule imezama upande wa mbele kiasi cha vidole vinne, na ukuta wa chumba cha nyuma umelowa hata siku isiyo na mvua. Mwenye nyumba anataka umwage simenti mpya juu ya ile ya zamani, usawazishe, upige lipu na rangi kabla familia yake haijarudi kutoka Kisangani. Nawe unaniuliza mifuko mingapi. Hesabu ya mifuko nitakupa, haina ugumu. Ila huyo bwana anakulipa ufunike kasoro, na kasoro ikijitokeza tena hatasema yeye ndiye aliyekutuma. Atasema fundi alikula simenti.

Simenti ikiwa kidogo, pavema, yaani sakafu ya simenti, inapasukapasuka, inatoa vumbi, inachimbika ukivuta kitanda. Haizami. Kuzama ni habari ya udongo ulio chini yake, na udongo hauhami bila kuhamishwa: ama unabanwa na uzito, ama unabebwa, na mbebaji karibu kila mara ni maji.

Huku kwetu nani ana kiwanja tambarare? Unapewa kipande cha mlima. Unachimba upande wa juu, udongo unautupa upande wa chini, mpaka upate uwanja wa kutosha nyumba. Hivyo ndivyo tunavyojenga Lushebere, Nyabiondo, Rubaya, na hiyo yako nathubutu kusema imejengwa hivyo hivyo hata kabla sijaiona. Nusu yake imekaa juu ya udongo ambao haujaguswa tangu mlima uwe mlima. Nusu nyingine imekaa juu ya udongo uliotupwa kwa beleshi siku chache kabla ya msingi. Huo wa kutupwa, hata watoto wote wa mtaa waukanyage, bado una hewa ndani. Mvua ikipita unashuka kidogo, ikipita tena unashuka tena, na pavema inabaki imening'inia juu ya uwazi. Siku mtu analeta kabati zito, inakatika. Ndiyo maana ufa wa namna hii hupita kwa mstari karibu ulionyooka, ukifuata mgongo wa mlima: hapo ndipo udongo wa asili unapokutana na wa kujaza. Ukiuona, huhitaji kumwuliza mtu historia ya nyumba.

Sasa fanya hesabu ya anachotaka mwenye nyumba. Sebule ya mita 4 kwa 5, imezama sentimita 8 upande mmoja na sifuri upande wa pili, kwa hiyo wastani ni 4. Hizo ni sehemu nane za kumi za mita moja ya ujazo ya zege, karibu tani mbili. Unachukua tani mbili unaziweka juu ya udongo ambao tayari umeshindwa kubeba zile za kwanza. Rangi itakuwa bado inanukia na ufa umeanza.

Kabla hujavunja kitu, isome nyumba. Chukua nyundo, gonga pavema hatua kwa hatua kutoka ukuta wa nyuma hadi wa mbele, na uchore kwa chaki mahali sauti inapokuwa ya utupu. Chukua mpira wa nivo, ule mwembamba unaopitisha mwanga, ujaze maji, upime kila kona na katikati, uandike kwenye daftari. Usikubali jicho likuambie. Jicho hudanganywa na mstari wa dirisha. Halafu nenda nje, upande wa chini, uchutame uangalie mguu wa msingi. Ukikuta vitundu, na mbele ya kila kitundu tope laini limetandazwa kama unga uliomwagika, basi maji yanapita chini ya nyumba na kutoka na udongo wake. Hiyo ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko ufa.

Kuta nazo uzitazame. Nyufa zinazopanda kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, hasa kwenye pembe za madirisha, zinasema msingi wenyewe unashuka, si pavema tu. Pale paka shahidi: bandika kipande cha lipu nyembamba juu ya ufa, andika tarehe, ukiache. Kikikatika ndani ya wiki chache, nyumba bado inatembea, na kazi yako si ya sebule tena.

Na kwa ule ukuta uliolowa, kata kipande cha plastiki, kibandike ukutani kwa kuziba kingo zake zote, ukiache siku mbili. Maji yakijikusanya juu ya plastiki, upande wa chumba, ni unyevu wa hewa, na dawa yake ni dirisha. Yakijikusanya nyuma yake, yanatoka mlimani.

Nina hakika yanatoka mlimani. Ule ukuta umechimbiwa ndani ya mteremko, udongo umeuegemea hadi kiunoni. Hatujengi vyumba vya chini ya ardhi, lakini kila nyumba ya mlimani ina nusu chumba cha namna hiyo upande wa nyuma, na hakuna aliyekipanga wala aliyekikinga. Maji yakisimama nyuma ya ukuta kwa kina cha mita moja, pale chini kabisa yanausukuma kwa nguvu ya tani moja kwa kila mita ya mraba. Tofali lililochomwa nusu na kujengwa kwa udongo litasema nini mbele ya hilo?

Uliniletea video ya dada yako aliye Iowa, Marekani, yule wa mama yako mkubwa, ukaniuliza kama tunaweza kuiga. Nimeitazama na nimeipenda. Kwao baridi inagandisha ardhi wakati wa theluji, na ardhi ikiganda inavimba na kuinua nyumba. Kwa hiyo msingi lazima ushuke zaidi ya mita moja. Mtu akishachimba kiasi hicho anaona bora aendelee kidogo apate chumba kizima. Ndipo shida zao zinaanza: maji yanatafuta kuingia, wanazungushia msingi mabomba yenye matundu, wanachimba shimo kwenye kona na kuweka pampu inayojiwasha yenyewe maji yakipanda. Umeme ukikatika usiku wa mvua, wanaamka na mabuti. Usidhani ni sisi tu.

Yule bwana wa kwenye video anatoboa pavema iliyozama na kusukuma uji wa udongo na simenti chini yake mpaka inyanyuke. Kazi hiyo wanaifanya Marekani tangu miaka ya 1930, na siku hizi wapo wanaotumia povu la plastiki linaloumuka lenyewe. Ni ufundi safi. Lakini unataka pampu yenye nguvu, unataka pavema iwe nzima isiyo vipande vipande, na udongo wa chini uwe umemaliza kushuka. Yako haina hata moja kati ya hayo. Na hata kwao, ukiinua pavema bila kuondoa maji yaliyoishusha, unaikopesha tu.

Kuhusu ile dawa uliyoambiwa Goma, Sika, ni kweli inafanya kazi. Kaspar Winkler aliitengeneza Uswisi mwaka 1910, na ilizuia maji kwenye tunneli ya reli ya Gotthard. Lakini kule ilipakwa juu ya mwamba na mawe. Wewe ukipaka lipu ya Sika ndani ya chumba, juu ya matofali laini, lipu itasimama na tofali litaoza nyuma yake bila wewe kuona, mpaka siku lipu nzima inaanguka na vumbi jekundu. Dawa hiyo itakufaa baadaye, kwenye lipu ya nje ya ule ukuta, upande maji yanakotokea.

Kwa hiyo anza nyuma ya nyumba. Kama nafasi ipo, ondoa kabisa udongo unaoegemea ukuta: kata ukingo urudi nyuma mita moja, usimamishe pale ukuta wa mawe makavu ulioinamia mlima, usio na simenti ili maji yapite katikati ya mawe. Juu yake panda nyasi za tripsakumu, kama wafugaji wetu wanavyofanya kwenye kingo za mashamba. Mizizi yake inashika ukingo na majani yanaliwa na ng'ombe. Ukuta wa nyumba ukipata hewa, utakauka wenyewe taratibu. Usiukimbilie kwa rangi.

Kama nafasi haipo, chimba mfereji nusu mita kutoka ukutani, uingie chini kidogo kuliko pavema ya ndani. Hapa nisikilize vizuri: usiende chini ya kitako cha msingi. Wengi wa mafundi wetu wa zamani waliweka msingi mfupi, na ukichimba chini yake unaung'oa mwenyewe. Fukua kwanza shimo dogo kwenye kona uone msingi unaishia wapi. Ukiwa mfupi, sogeza mfereji mbali zaidi na ukuta. Mfereji uteremke sentimita moja au mbili kwa kila mita, utoke pande zote mbili za nyumba. Tandika ndani magunia ya plastiki ya mchele yaliyopasuliwa: maji yanapita, udongo unabaki nje. Jaza mawe yaliyovunjwa, funika kwa magunia hayo hayo, na juu kabisa shindilia udongo wa mfinyanzi ili maji ya juu yasiingie. Angalia pia unakoyapeleka. Jirani aliye chini yako ana pavema yake.

Halafu paa. Watu hulia na chemchemi kumbe maji yao wenyewe ndiyo yanawazamisha. Paa la mita za mraba 40, mvua moja nzuri ya milimita 30: hizo ni lita 1,200, mapipa sita, yanamwagwa mguuni mwa ukuta kwa saa moja. Mwambie mwenye nyumba anunue mifereji ya bati kabla ya simenti. Akisema hana pesa ya mifereji, basi hana ya pavema pia.

Tena kuna jambo hukuliandika nami nalikisia. Nyumba ilikaa bila watu, sivyo? Tangu vita virudi, nimeona nyumba nyingi za namna hiyo upande wa Kitchanga na Mweso. Watu wanakimbia, mabati yanang'olewa, milango inaondoka, na mvua inanyesha ndani misimu miwili. Maji yanasimama juu ya pavema, yanaingia kwenye ufa, yanaubeba udongo wa kujaza na kutoka nao chini ya msingi. Mwenye nyumba anarudi, anaweka mabati mapya, anashangaa kwa nini sebule inazama sasa wakati paa ni jipya. Ilizama zamani, pavema tu ilikuwa bado haijapata habari. Muulize kwa upole. Wengine hawapendi kusimulia miaka hiyo, na wewe huhitaji kujua zaidi ya kama paa liliondoka na kwa muda gani.

Baada ya maji ndipo uvunje. Vunja sehemu yote inayolia utupu, uongeze nusu mita kuelekea kwenye ile nzima. Toa udongo mlegevu mpaka ufike kwenye ule unaokataa chuma. Rudisha kwa tabaka za sentimita 15, si zaidi, kila tabaka unailowesha kidogo na kuishindilia kwa gogo lenye mikono miwili mpaka likidunda mikono ikuume. Vijana wako watataka kujaza yote mara moja na kukanyaga juu. Simama pale. Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo isiyoonekana katika picha utakazomtumia mwenye nyumba, kwa hiyo ndiyo inayoibiwa kuliko zote. Udongo mwekundu wa huko una mfinyanzi mwingi. Ukiwa tope hauwezi kushindiliwa, unateleza tu pembeni. Uchanganye na changarawe, au uache ukauke chini ya bashi, yaani turubai, kwanza.

Juu ya udongo panga mawe yakiwa yamesimama, yamebanana, na mianya yake uijaze changarawe. Hayo mawe yanakata njia ya maji yanayopanda kutoka chini. Tandika plastiki nzito, ikunjwe juu ukutani kidogo. Ndipo zege ya sentimita 8.

Na kama shahidi alikatika, yaani ukuta wa mbele unashuka, usithubutu kuuchimbua wote kwa mara moja. Chimba kipande cha mita moja chini ya msingi, jaza mawe na zege, ubane vizuri juu, subiri ishike siku kadhaa, ndipo uruke vipande viwili uende kingine. Ni kazi ya polepole na mwenye nyumba atanung'unika. Mwache anung'unike.

Kwa hiyo zege, mchanga wa Lowa ni mzuri ukiuosha, lakini huko kwenu mvua hainyamazi mwaka mzima, kwa hiyo mchanga tayari umebeba maji. Ukitia lita 25 kwa mfuko kama tulivyozoea, zege itakuwa uji. Punguza, ufinyange kwa mkono: ikae bila kuchuruzika. Simenti nayo, ukizingatia inavyosafiri, mfuko umepakiwa kwenye lori, kisha pikipiki, kisha kichwa cha mtu, fungua kila mmoja kabla hujalipa. Ukikuta mabonge yasiyovunjika kwa vidole, rudisha. Mabonge yameshapata maji njiani. Hayarudi kuwa simenti hata ukiyasaga.

Umetaja pia nyumba ya zamani ya shamba la wazungu uliyoalikwa kuitazama, yenye sakafu ya mbao inayobonyea. Zile nyumba ziliinuliwa juu ya mawe na kuachiwa uwazi chini, na kwenye msingi kuna vidirisha vidogo vyenye nondo. Nakuhakikishia vimezibwa. Watu walichoka na nyoka na mbuzi, wakaziba kwa matofali, na tangu hapo chini kumekuwa kama chungu kilichofunikwa. Zibua vya pande mbili zinazotazamana ili upepo uvuke, weka wavu wa chuma, toa takataka zote za mbao kabla mchwa hawajazimaliza. Mihimili utaijaribu kwa kisu: kikizama, badilisha, kikikataa, iache. Huenda kazi nzima ikaishia hapo, na ni ya siku chache.

Ila ukija kufanya kazi upande wa Sake, uingiaji wa chini ya nyumba ni jambo jingine. Kati ya Sake na Goma kuna mazuku, gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa yetu, inayojikusanya mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri. Haina rangi, na imeua mbuzi, imeua watu. Mtu akikuomba umchimbie stoo chini ya nyumba maeneo hayo, kataa. Na kama lazima uingie mahali pa chini, tanguliza mshumaa kwa kamba, na ukizimika usiingie hata kwa kumwokoa mwenzako mpaka hewa ipite. Usiushike mkononi ukitembea nao. Ukizimika mkononi mwako huenda umeshachelewa, na hata ukiwaka usiuamini peke yake.

Mifuko sasa. Sebule nzima ikivunjwa, mita 20 za mraba kwa sentimita 8, ni mita 1.6 za ujazo. Kwa kilo 350 kila mita ya ujazo, ni mifuko 11 na kidogo. Lipu ya mwisho ya sentimita mbili itakula mitatu. Weka 16 pamoja na viraka na lipu ya nje ya ukuta wa nyuma. Lakini ikiwa nyundo itaonyesha kwamba nusu tu ndiyo tupu, utavunja nusu, na mifuko itapungua. Mwenye nyumba anadhani fundi mzuri ananunua simenti nyingi. Mpeleke nyuma ya nyumba wakati mvua inanyesha, msimame wote wawili pale, ayaone maji yanavyoingia. Usimweleze sana. Kisha mwandikie bei katika sehemu tatu: maji, udongo, pavema, kila moja na malipo yake, na ile ya kwanza ilipwe kabla hujaanza ya pili. Akitaka ya tatu peke yake, mshukuru na uage.

Zege ikimwagwa, ilowesheni siku saba, mfunike kwa bashi. Asiingie mtu na kabati.

Mpira wa nivo nimeufunga, nitaupa dereva anayeshuka kwenda Mubi barabara ikiruhusu. Nitumie kina cha msingi kwenye kona ya nyuma, na vipimo vya mpira kona zote nne, kabla hujatia sururu hata moja.

Mjomba wako